Jenereta ya dizeli iliyotiwa mafuta yasiyo yake: dalili, chanzo na namna ya kuifufua

Kama petroli imemiminwa kwenye tanki la dizeli na injini haijazungushwa, kazi iliyopo ni ya saa mbili tatu: kumwaga, kusafisha, kujaza upya. Mtu akishatia ufunguo "nione kama itashika", mafuta hayo yanavuka filta na kuingia pampu ya injekta (ile inayosukuma mafuta kwa nguvu hadi silindani), na bili inaruka kutoka elfu chache hadi makumi ya elfu. Kwa hiyo kabla ya kushika spana yoyote, toa waya wa hasi kwenye betri. Jenereta inayojiwasha yenyewe stima ikipotea inahitaji hilo zaidi ya zote. Ukiiacha na betri yake, stima ya Kisumu ikikatika saa nane usiku itajipiga stata yenyewe huku wewe umelala ukijua kazi ni ya kesho.

Maelezo haya yanafaa jenereta za mtumba za kVA 5 hadi 60 hivi, zile zilizokaa yadi miaka kadhaa kisha zikanunuliwa kwa hoteli, kliniki, kisima au mashine ya posho huku Nakuru, Kakamega au Bungoma. Ukinunua jenereta ya namna hiyo, mafuta yaliyo tankini ni mgeni usiyemjua. Chukulia ni machafu hadi uyapime.

## Kinachoumia ni nini

Petroli huumiza injini ya dizeli kwa njia mbili. Ya kwanza iko ndani ya silinda: dizeli hujiwasha yenyewe ikikutana na hewa iliyogandamizwa ikawa moto sana, lakini petroli imetengenezwa ikatae kujiwasha. Inachelewa, halafu inawaka yote kwa mpigo. Hapo ndipo mlio wa kugonga hutoka.

Ya pili iko ndani ya pampu, na ndiyo ghali. Plunja (pistoni ndogo inayosukuma mafuta) na pipa lake vimesagwa pamoja hadi nafasi kati yao imebaki maikroni chache tu, na kinachozuia chuma kisisagane na chuma mle ni utando wa dizeli yenyewe. Petroli haina utelezi huo. Mafuta taa yanao kidogo. Maji hayana kabisa, na yanaleta kutu juu yake.

Kwa hiyo tazama kwanza una pampu gani. Paipu za injekta zikiwa zimepangwa mstari mmoja kama meno ya kitana, hiyo ni pampu ya mstari. Kemshafti yake huogelea kwenye oili, kwa hiyo zinazoteseka ni plunja peke yake. Paipu zikitoka kwa duara kwenye kichwa kimoja, ni pampu ya mzunguko: kila kitu ndani yake, beringi na visu vya kusukuma pia, hulainishwa kwa dizeli pekee. Hii ndiyo hufa kwanza. Injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa, ile yenye tanki juu, ina plunja moja ndani ya bloku. Ikiharibika unanunua pampu na nozeli (ncha ya injekta), unafunga, unaendelea na maisha. Injini za zamani za aina ya Lister zinazosaga mahindi vijijini, za mizunguko 650 kwa dakika, huvumilia mengi ambayo injini ya kisasa haiwezi, na uvumilivu huo ndio umewazoesha watu vibaya.

Ukikuta injini ya komoni reli, yenye reli nene ya chuma na nyaya za umeme juu ya kila injekta, mwaga tanki, badilisha filta, kisha ishia hapo. Mgandamizo wa mle unapita bar 1,000, na kulegeza nati huku injini inazunguka ni kujitafutia upasuaji. Ita mwenye mashine ya kuisoma.

## Ni mafuta gani, na yamefika wapi

Chukua sampuli mbili kwenye chupa nyeupe za glasi: moja kutoka chini kabisa ya tanki, nyingine kutoka kwenye bakuli au tundu la kutolea maji la filta. Zikifanana, mafuta mabaya yameshasafiri. Ya tanki ikiwa mbaya na ya filta ikiwa dizeli safi, una bahati: pampu huenda haijaonja chochote, na hupaswi kuifungua.

Kuna imani kwamba petroli ikiachwa usiku kucha itapanda juu ya dizeli, uichote kama malai ya maziwa. Haipandi. Petroli, dizeli na mafuta taa huyeyukana kabisa na hazitengani tena hata zikikaa mwaka. Yanayotengana ni maji: acha chupa itulie usiku, asubuhi utayaona chini yametenga mstari wake. Ukiona kati ya maji na dizeli utando mweusi au wa kahawia unaoteleza kama kamasi, hivyo ni vijidudu vinavyoishi kwenye mpaka huo. Jenereta iliyokaa na nusu tanki karibu na ziwa, joto la mchana na unyevu wa usiku vikibadilishana, hupata maji hayo bila mtu yeyote kuyamwaga.

Kutofautisha petroli na mafuta taa, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe kivulini, kando yake tone la dizeli uliyonunua kituo unachokiamini. Petroli hukauka kwa dakika chache isiache kitu. Mafuta taa huchukua saa kadhaa. Dizeli huacha doa la mafuta linaloonekana hata kesho yake. Mchanganyiko huacha doa lililo dogo na jepesi kuliko la dizeli safi, na pua itakumalizia: petroli haifichi harufu.

Kujua kiasi, tumia mizani ya dijitali ya dukani. Jaza lita moja kamili ya dizeli safi na lita moja ya sampuli kwenye chupa zinazofanana, ziache kivulini saa moja zipate joto moja, upime ukitoa uzito wa chupa. Lita ya dizeli ina gramu 820 hadi 870, mafuta taa 780 hadi 820 hivi, petroli 720 hadi 775. Tuseme dizeli yako safi ni 840 na sampuli ni 810. Ukichukulia petroli ni 740, tofauti ya safi na sampuli ni 30, tofauti ya safi na petroli ni 100, basi petroli imo kwa asilimia 30. Kama ile karatasi ilisema ni mafuta taa, weka 800 mahali pa 740, na gramu zile zile 30 zinamaanisha robo tatu ya tanki ni mafuta taa. Ndiyo sababu karatasi hutangulia mizani. Na mizani inayokosea gramu 5 itakukosesha asilimia 5 ya petroli, kwa hiyo usiitegemee kutafuta chembe ndogo.

Kipimo cha kiberiti usikifanye. Dizeli safi huhitaji joto la nyuzi 55 au 60 hivi kabla mvuke wake haujashika moto. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya barafu, na asilimia chache tu ndani ya dizeli zinatosha kuigeuza tanki zima kuwa hatari kama petroli.

Mafuta taa yana historia yake Kenya. Yalipokuwa nafuu sana kuliko dizeli, yaliongezwa kwenye dizeli kwa makusudi, hadi serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 kuua faida hiyo. Siku hizi makosa mengi hutoka kwenye mtungi: wa lita 20 uliokuwa na petroli ya bodaboda, ukatumwa dizeli bila kusuuzwa, au kijana aliyetumwa akataja "mafuta" tu.

Lita 5 za petroli kwenye tanki lenye lita 60 za dizeli ni zaidi ya asilimia 7. Mwaga yote. Kuongezea dizeli juu ili "kuivunja nguvu" tunakubali tu pale ambapo petroli ni masalia ya mtungi, chini ya asilimia 1 au 2, na pampu ni ya kizamani. Mafuta taa hayana haraka hiyo: injini itawaka na kufanya kazi, nguvu itapungua kidogo, na pampu itachakaa polepole bila kelele. Kama hujaitumia sana, mwaga, badilisha filta, endelea.

## Dalili, moja baada ya nyingine

Stata inazunguka vizuri, ekzosi haitoi moshi wowote. Hakuna mafuta yanayofika silindani, na hapo petroli si mshukiwa wa kwanza. Tafuta hewa kwenye njia, filta iliyoziba, au solenoidi ya kuzimia (vali ya umeme inayokata mafuta) isiyofunguka. Washa swichi bila kupiga stata: usiposikia mlio mfupi wa "tak" kwenye pampu, pima kama waya wake una volti 12 (au 24 kwa injini ya betri mbili). Jenereta iliyokaa na petroli miaka miwili huwa na gundi ya rangi ya chai kwenye chujio la tanki, na gundi hiyo pia hushika kipini cha solenoidi.

Moshi mweupe mzito unaowasha macho, injini haishiki. Mafuta yanafika, hayawaki. Hii ndiyo sura ya petroli nyingi, au maji. Acha kupiga stata mara moja, kwa sababu kila mzunguko unaosha oili kwenye kuta za silinda na kusukuma petroli chini hadi kwenye oili. Usipulizie ile dawa ya kopo ya kuwashia injini. Juu ya silinda iliyojaa mvuke wa petroli, na pengine plagi za kupasha moto zikiwa nyekundu, inavunja ringi za pistoni. Asubuhi ya baridi ya Nakuru moshi mweupe wa dakika moja baada ya kuwaka ni kawaida. Usiokoma ndio tatizo.

Inawaka lakini inagonga kama nyundo kwenye fuawe. Petroli inachelewa kisha inalipuka kwa mpigo. Zima. Usiipe mzigo "ichome ziishe". Dakika tano za kugonga hivyo chini ya mzigo zinaweza kutoboa pistoni.

Inawaka asubuhi, ikipata moto inazima, haiwaki hadi ipoe. Dalili hii ndiyo huwapotosha mafundi wengi, maana ina vyanzo viwili vyenye bei tofauti kabisa. Huenda petroli iliyobaki inageuka mvuke ndani ya paipu zenye joto na kukata mtiririko. Au pampu imeshakwaruzika: dizeli baridi ni nzito inabaki mahali pake, ikipata moto inakuwa nyepesi na kuvuja ndani kwa ndani, mgandamizo wa kufungua injekta haupatikani. Zitenganishe hivi. Kwanza endesha injini kwa mtungi wa dizeli safi, na mpira wa kurudisha uelekezwe mtungi mwingine. Ikiacha kuzima, ilikuwa mvuke. Ikiendelea, ngoja izime yenyewe ikiwa moto, kisha funika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji baridi dakika kumi, upige stata. Ikiwaka tu baada ya kupozwa, pampu iende benchi. Usimwage maji juu ya pampu inayozunguka. Nyumba yake itasinyaa haraka kuliko mhimili wake, na itakwama papo hapo.

Mlio unapanda na kushuka, taa zinapumua. Kwenye mita utaona hezi zinacheza, pengine 47 hadi 53, badala ya kutulia karibu na 50. Mara nyingi ni hewa: washa (pete bapa) za shaba zilizotumika mara ya pili, mpira uliopasuka, au sili iliyovimba kwa petroli kisha ikasinyaa baada ya kurudishiwa dizeli. Funga kipande cha mpira unaopitisha mwanga kati ya tanki na pampu ya kuvutia, uangalie mapovu. Mapovu yakiwapo, chanzo kiko upande wa tanki. Yasipokuwapo, endelea mbele hadi gavana, kile kidhibiti cha kasi ya injini.

Oili imepanda kwenye kijiti. Hii usiipite. Oili ya injini hupungua, haizaliwi. Ikiongezeka, mafuta yameingia: kupitia sili ya mhimili wa pampu, ngozi ya pampu ya kuvutia iliyotoboka, au injekta inayodondosha na petroli kuteremka kando ya pistoni. Dondosha tone la oili hiyo kwenye karatasi: kiini cheusi kilichozungukwa na duara pana la unyevu mweupe maana yake kuna mafuta ndani. Oili kama hiyo haibebi beringi za krenki (mhimili mkuu wa injini), na mvuke wake ukipanda kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye njia ya hewa, injini huanza kujilisha yenyewe. Hapo kuzima ufunguo hakusaidii, inazidi kupaa hadi ipasuke. Oili na filta yake hubadilishwa kabla ya kuwasha hata kama unashuku tu. Kwa injini ya silinda 4 ya lita 4 hivi, ni lita 7 au 8, na ni bima ya bei ndogo.

Moshi mweusi na nguvu kupungua. Kabla hujalaumu mafuta, kumbuka uko wapi. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari na hewa yake ina mgandamizo wa asilimia 87 ya ule wa pwani. Nakuru, mita 1,850 hivi, ni asilimia 80. Injini isiyo na tabo (kisukuma hewa) iliyoandikwa kVA 20 haitatoa 20 Nakuru. Ukiipakia kama ilivyoandikwa itavuta mafuta kuliko hewa na kutoa moshi mweusi hata kwa dizeli bora. Punguza mzigo kwa robo. Moshi ukikata, pampu yako haina kosa.

Moshi wa bluu baada ya petroli ni ringi zilizokaushwa. Mara nyingi hupungua baada ya saa chache za mzigo. Filta kuziba kila baada ya saa chache ni gundi au vijidudu tankini. Kubadilisha filta tu ni kufuta maji huku bomba liko wazi.

## Kumwaga na kusafisha

Fanya nje, mbali na jiko la mkaa la muuza chapati na mbali na fundi anayechomelea. Weka kizimamoto cha unga karibu. Chombo cha kupokelea kiwe cha chuma na kiunganishwe kwa waya na fremu ya jenereta, kwa sababu petroli inayomiminika kwenye plastiki huzaa cheche za umeme tuli.

Bomba la kutolea tankini mara nyingi limeinuliwa sentimita 2 au 3 juu ya sakafu ya tanki ili lisivute uchafu, kwa hiyo likiacha kutiririka bado kuna lita kadhaa chini. Fungua kizibo cha chini au kifuniko cha ukaguzi, nyonya kwa pampu ya mkono, kisha pangusa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Pamba ya gereji hapana, nyuzi zake zitarudi kukutembelea kwenye filta. Suuza kwa lita 5 za dizeli safi, mwaga, rudia kwa lita 5 nyingine. Tanki likiwa limetoboka, usikubali lichomelewe siku hiyo wala wiki hiyo kwa sababu tu "liko tupu". Tanki tupu lenye mvuke wa petroli hulipuka kuliko lililojaa.

Badilisha filta zote mbili, ya kutenga maji na ya mwisho. Ile ya kufungwa kwa mkono, paka dizeli kwenye mpira wake, kaza hadi mpira uguse, kisha ongeza nusu hadi robo tatu ya mzunguko bila spana. Usiijaze dizeli kupitia tundu la katikati: huo ni upande uliokwisha kuchujwa, na uchafu wowote wa chupa utaenda moja kwa moja kwenye pampu. Toa mipira ya kuvuta na ya kurudisha, puliza kwa hewa, na mipira iliyolainika au kuvimba itupe.

Sasa jambo linaloharibu kazi nyingi nzuri: mpira wa kurudisha. Pampu na injekta hurudisha mafuta ya ziada tankini. Ukisafisha tanki, ukajaza dizeli ya kituo, ukawasha, petroli iliyobaki kwenye pampu inarudi juu ya dizeli yako mpya. Peleka mpira huo kwenye mtungi wa pembeni hadi uoshaji uishe.

Kama injini ilizungushwa ikitoa moshi mweupe, fungua injekta zote. Dondosha mililita 5 hadi 10 za oili ya injini kwenye kila silinda, yaani kijiko cha chai kimoja au viwili, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha piga stata sekunde 5 injekta zikiwa nje huku umesimama kando. Mafuta yaliyotuama juu ya pistoni yatatoka hapo. Yakibaki, pistoni itagonga kioevu kisichogandamizika na fimbo yake itapinda. Ukiwa na geji, pima mgandamizo wa silinda wakati huo huo. Vitabu vya injini nyingi hutaja psi 350 hadi 450, lakini ni vipimo vya usawa wa bahari. Nakuru tarajia pungufu ya karibu moja ya tano, na uangalie zaidi kama silinda zinalingana. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, ina shida yake mwenyewe.

Injekta zipeleke kwa fundi wa pampu azipime kwenye benchi: ukungu sawa pande zote, mlio wa kukoroma, na ncha kavu baada ya kunyunyiza. Inayodondosha ibadilishwe nozeli. Ukirudisha, washa za shaba ziwe mpya. Ya zamani ikibaki shimoni na mpya ikawekwa juu yake, injekta inakaa juu na inavuja moto.

## Kutoa hewa na kuwasha

Unganisha mtungi wa lita 20 za dizeli safi. Kwa pampu ya kizamani, ongeza mililita 100 za oili mpya ya injini (1 kwa 200) kwa mtungi huo wa kwanza tu. Komoni reli usiiongezee kitu.

Legeza skrubu ya hewa juu ya filta na usukume mkono wa pampu ya kuvutia hadi dizeli itoke bila povu. Mkono ukiwa mlegevu hausukumi chochote, kemu ya injini imesimama juu. Zungusha krenki mzunguko mmoja ujaribu tena. Watu hununua pampu mpya kwa kosa hilo tu. Kaza, hamia skrubu za pampu ya injekta, ya chini kwanza kisha ya juu. Kwa pampu za mzunguko, baada ya petroli pitisha lita 2 au 3 kwa mkono, usiridhike na tone la kwanza safi.

Legeza nati za paipu mbili kwenye injekta kwa nusu mzunguko, mara nyingi spana ya 17. Piga stata sekunde 10 hadi 15, pumzisha dakika 2, rudia. Dizeli ikidunda kwenye nati, kaza. Vaa miwani na usiweke mkono mbele ya paipu: mnyunyizo wa injekta hupenya ngozi bila maumivu makubwa, na kidole hicho kinahitaji hospitali saa ile ile hata kama tundu linaonekana dogo kama la sindano.

Kabla ya kuwasha, weka ubao mpana wa plaiwudi karibu na mdomo wa kuvutia hewa. Injini ikikimbia, ubao huo ndio utaizima. Kiganja au tambara litanyonywa ndani.

Ikishawaka, iache bila mzigo dakika 15 hadi 20, mpira wa kurudisha ukiwa bado kwenye mtungi wa pembeni. Legeza nati moja moja usikilize: mlio usipobadilika, silinda hiyo haifanyi kazi. Zima, rudisha mipira tankini, washa tena, kisha tia mzigo kidogo kidogo. Kwa jenereta ya kVA 10, ambayo ni kama kilowati 8, birika za umeme na pasi ni mzigo mzuri wa kupimia: kilowati 2 kwa nusu saa, halafu 4, halafu 6 kwa saa nzima, ukizigawanya sawa kama ni fezi tatu. Bila mzigo wa kutosha, ekzosi itatoa lami nyeusi yenye unyevu, na utaanza kutafuta petroli ambayo haipo tena.

Mafuta uliyomwaga yaandikwe PETROLI kwa maandishi makubwa na yapelekwe kwa wanaokusanya mafuta machafu wenye leseni. Yasiende kwenye mtaro unaoishia ziwani, na kamwe yasirudi nyumbani kwa koroboi au stovu, hata kidogo. Stovu ya utambi iliyotiwa mchanganyiko huo hulipuka jikoni.

Baada ya saa 10 za kazi, badilisha filta ya dizeli tena na uipasue ile ya zamani kwa msumeno wa chuma. Tandaza karatasi yake juani na upitishe sumaku. Doa jeusi la masizi ni gundi iliyong'oka, na linaisha lenyewe. Chembe ambazo sumaku inazivuta zinaweza kuwa kutu ya tanki zikiwa za kahawia. Zikiwa za rangi ya fedha inayong'aa, chunguza kwanza pampu ya kuvutia, halafu fungua mpira wa kurudisha uone kama na huko zimo. Zikiwamo, ni pampu ya injekta inayojila, na ishushwe kabla jenereta haijapewa zamu nyingine.